Lituhi, Mama wa Nahodha Bado Yuko Hai

Shikamoo, Kaka Osmund. Sijui kama huko mnaitikia.

Naogopa. Bora niliseme mapema, maana ungekuwapo ungeliona usoni mwangu hata kabla sijafungua mdomo. Nimekaa kwenye kibaraza cha fundi cherehani hapa Mbinga mjini, nasubiri lori la Baba Eda. Televisheni na deki tumezifunga katikati ya magodoro, jenereta imepanda juu ya magunia. Kesho mchana tunaonyesha Lituhi. Mkanda wa mwisho wa filamu ya Nahodha wa Nyota umefika, Kaka. Ule uliokuwa ukiuulizia hata homa ilipokuwa imekubana, mama akakwambia unyamaze unywe uji.

Na wa kutafsiri ni mimi.

Baba Eda hakuniuliza kama naweza. Matanga yalipokwisha alikuja nyumbani, akampa mama pole, halafu akanigeukia. "Gaudensia, banda langu la video haliwezi kukaa kimya. Wewe ndiye uliyekuwa unakaa miguuni kwa kaka yako akitafsiri, hadithi yote unayo." Nikamwambia sauti yangu ni ndogo. Akasema itakua tu.

Hapa Mbinga nimeshauonyesha, nikapona. Vijana wa mashine ya kukoboa kahawa walinipigia kelele, "Ongeza sauti, sista!", lakini hakuna aliyetoka nje. Ungewasikia walivyobishana wiki nzima kabla ya mkanda kuwekwa! Yule katekista wetu aliapa kwamba Jenerali Asiyelala atatubu na kubatizwa kabla ya mwisho. Vijana wakasema hapana, Nahodha atamuoa yule binti fundi wa mitambo, na mahari italipwa kwa mafuta ya chombo cha anga. Mimi nilikuwa nawasikiliza nikitamani uwepo uwachokoze. Ulivyokuwa unapenda kuwapa jibu la uongo, ukakaa pembeni kuwatazama wakigombana!

Lakini Lituhi siyo Mbinga, na wewe unajua kwa nini. Ni wewe uliyefanya hivyo.

Unaukumbuka mkanda wa tatu? Chombo cha mama wa Nahodha kinashika moto, mama anapunga mkono dirishani, basi. Hapa Mbinga ulisema, "Mama amekufa," watu wakalia kidogo, hadithi ikaendelea. Tuliposhuka nao Lituhi, kule ziwani, Bibi Yustina alikuwa mstari wa mbele kwenye ghala tunamoonyeshea. Mwanawe alikuwa amevuka ziwa kwenda upande wa pili kuuza mahindi na hakurudi, wala mtumbwi haukuonekana. Moto ulipowaka kwenye kioo, bibi alipiga yowe. Ukamgeukia. Halafu ukasema kwa nguvu, "Hajafa! Wamemteka tu, wamempeleka nyota ya mbali!" Ghala zima likashangilia.

Tangu siku hiyo tumekuwa na hadithi mbili. Hapa mama amekufa, kule yuko hai. Kwenye mkanda wa nne ulichukua sauti ya redio ya maadui ukasema ni mama anamtumia mwanawe salamu. Nilikufinya mguu, ukacheka.

Sasa Lituhi hawabishani kuhusu Jenerali wala harusi. Wanachotaka kujua ni mama atarudije. Mama Kandida, yule anayetuletea dagaa wa usipa kutoka ziwani, amenisimulia. Wengine wanasema atakuja na jeshi lake. Bibi Yustina anasema atarudi nywele zimekuwa nyeupe, Nahodha atapita karibu yake asimtambue, mpaka amwite kwa jina lake la utotoni. Anawaeleza kisimani, wanawake wanaweka ndoo chini wanamsikiliza.

Na mwanawe mpaka leo hajakaliwa matanga. Ndugu wakimgusia anawajibu, "Yule mama wa Nahodha mlimwona mkasema amekufa. Osmund akatuambia yu hai." Kitanda cha kijana kinatandikwa. Mke wake amekaa pale pale, si mke wala mjane, anasubiri.

Nikwambie inavyoisha? Mama hatokei, Kaka. Nimeutazama mkanda mara nyingi, narudisha, natazama tena nyuma ya vichwa vya watu, labda nimempita. Hayupo. Nahodha anashinda vita, anashuka peke yake kwenye uwanja mtupu, anatoa kitambaa cha mama yake, anachimba kwa mikono, anakifukia. Anapiga magoti. Hakuna maneno hapo hata moja, muziki tu. Watu wote watanigeukia mimi.

Ninaweza kudanganya. Nilijaribu mbele ya kioo cha mama yetu nikiwa peke yangu: "Anaficha kitambaa, mama atakuja kukichukua." Ilitoka vizuri, kwa sauti yako kabisa, na hapo ndipo nilipokigeuza kioo ukutani. Maana wiki hiyohiyo Mama Kandida alikuwa ameniambia, "Watu wa Lituhi wanamsalimu Osmund, wanasema asichelewe." Mvua ilikuwa imekata barabara ulipofariki. Habari haijashuka ziwani. Nilitakiwa nimpe yeye habari hiyo. Kaka, nilimtazama Mama Kandida machoni nikajibu, "Nitamwambia."

Naye akachukua kapu lake akaenda.

Tangu siku hiyo najiogopa mwenyewe. Nilikaa nawe mpaka mwisho, nilitupa udongo kaburini, na bado nikazipokea salamu zako kana kwamba upo. Nikilala naona kitanda cha Lituhi kimetandikwa, nikiamka naona chako hapa nyumbani, nacho kimetandikwa. Ni mimi ninayekitandika. Mama ananiangalia tu.

Naogopa yowe la Bibi Yustina. Naogopa atanilaani, au ataanguka palepale nishindwe kumwinua. Naogopa zaidi atanyamaza. Lakini naogopa pia yule mke wa kijana, nikiwaza nitamwona tena mwaka ujao mlangoni, bado anasubiri kwa sababu ya maneno yetu wawili.

Tukifika kesho nitakwenda kwanza nyumbani kwa Bibi Yustina, nimwamkie, nimshike mkono mpaka ghalani, nikae naye. Televisheni itakuwa bado imezimwa. Wataniuliza, "Osmund yuko wapi?" Nitasimama niwajibu kwamba kaka yangu amekufa. Sijawahi kulitamka hilo kwa mdomo wangu, hata hapa, wengine wamekuwa wakinisemea. Nitawaacha walie. Nitalia nao. Halafu, nikiwa bado nimemshika bibi mkono, nitamwambia kuwa mama wa Nahodha alikufa kwenye ule moto, na kwamba uliyasema yale kwa kumwonea huruma.

Baba Eda anapiga honi. Namalizia mbiombio, samahani kwa mwandiko.

Kwaheri, Kaka Osmund. Pumzika. Nimeondoa shuka kitandani kwako asubuhi ya leo, nikalifua. Nakuahidi kesho sitawasha jenereta kabla sijawaambia kwamba umekufa.

Mdogo wako,
Gaudensia