Pasipoti Nane Shingoni Mwangu

Jumapili, 13 Oktoba 2019. Rayners Lane, London.

Mvua tangu asubuhi, ile nyembamba isiyomlowesha mtu haraka lakini haimwachi. Ndani ya nyumba ni digrii kumi na saba, kwa sababu hita siwashi kabla ya Novemba. Moyo: nimekasirika, ila kidogo kuliko jana.

Mezani kuna pasipoti nane. Moja yangu. Saba si zangu; tulipotua kutoka safarini wenzangu walinirudishia kwa mazoea.

Hansa, dada yangu mdogo, alipiga simu Ijumaa. Sikuwa nimesikia sauti yake tangu tuachane uwanja wa ndege wiki tatu zilizopita, tulipotoka Peru. Hakuniuliza hali. Huniita Bhai, yaani kaka. Alisema, "Bhai, Jumapili saa tisa nakuja kuchukua pasipoti yangu," akakata. Miaka sitini na mitano ni dada yangu, na siku zote mimi ndiye wa kwanza kuweka simu chini.

Naandika haya kabla hajafika. Naandika kwa Kiswahili kama kawaida, kwa kuwa binti yangu na wajukuu wanakisikia tu, hawakisomi, na mtu lazima awe na mahali pa kulalamika.

Niseme wazi ninachoogopa. Naogopa kwamba akishaichukua hiyo pasipoti, hatakuwa na sababu nyingine ya kuja hapa.

Sasa mambo yenyewe, kwa mpangilio.

Safari ilikuwa ya Hansa. Sisi wengine tulimfuata. Aliona picha ya ile njia ya mawe ya Wainka kwenye kalenda ya daktari wa meno, akasema atakapostaafu ataitembea yote kwa miguu. Kilomita arobaini na tatu, siku nne, na katikati kuna mlima wa mita elfu nne na mia mbili. Akastaafu. Miezi kumi na moja kila asubuhi alipanda kilima cha Harrow akiwa na shanta lenye kilo saba za mchele na dengu. Wanawe walimwambia anunue vyuma vya mazoezi. Akawajibu kwamba vyuma havipikiki.

Tulikwenda wanane. Mimi, Hansa na wanawe wawili mapacha, binti yangu Nisha na mumewe Paresh, na watoto wao wawili, ambao nawaita watoto ingawa mmoja ana ndevu.

Uwanja wa ndege wa Heathrow niliwasimamisha karibu na duka la magazeti, nikanyoosha mkono. Wote wakatoa pasipoti bila neno, isipokuwa Paresh aliyesema, "Haya, forodha ya kwanza hii." Nikazitia kwenye kimkoba cha kitambaa alichonishonea marehemu mke wangu, kinachoning'inia shingoni, chini ya fulana. Hivyo ndivyo tunavyosafiri. Tulikwenda hivyo India mara sita, Kenya mara nne na Leicester kwenye harusi, hapahapa Uingereza, ambako hakuna aliyetuomba pasipoti.

Katika kila hoteli walipanga foleni mbele yangu, nami nikafungua vifungo viwili vya shati nikawagawia. Kiongozi wetu, Rosa, msichana wa miaka ishirini na sita mwenye mapafu ya punda, akaanza kuniita Mheshimiwa Balozi. Nilicheka. Kusema kweli nilifurahi.

Cusco, mji tulioanzia, ni mita elfu tatu na mia nne. Maji yanachemka kabla hayajafika digrii tisini, kwa hiyo chai haikolei hata uifanye nini. Hiyo ndiyo shida niliyoitaja mezani. Shida ambayo sikuitaja ni kwamba kichwa kiliniuma siku nne mfululizo na usiku sikulala. Kila asubuhi Rosa aliuliza mmoja mmoja, na kila asubuhi nilijibu, "Nimelala vizuri sana."

Mimi nikiwa mkubwa wao, ningesemaje?

Asubuhi ya kuanza njia tuliondoka na basi dogo saa kumi na moja, gizani bado. Basi linapanda kwanza ndipo literemke. Pale juu niliona vidole vyangu vimekuwa rangi ya biringanya. Nisha akapiga kelele. Rosa akanibana kidole kwa kile kidude cha kupima hewa katika damu: sabini na moja. Nikamwambia kidude kimeharibika. Akajipima mwenyewe: tisini na tatu. Hapo hoja yangu ikaisha.

Tulipofika mji wa chini Rosa alisimamisha teksi. Paresh akaingia na mimi, dereva akaelekezwa kliniki, na wale sita wakaendelea na basi hadi getini. Hansa alisimama dirishani, ameshika fimbo zake mbili mpya. Alisema, "Nenda Bhai, upone, tutakusimulia." Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho ya upole.

Kliniki muuguzi akanifungua shati ili aweke vifaa vyake. Akauliza pasipoti ili anisajili. Akavuta kile kimkoba mwenyewe, akafungua, akaanza kuzitoa moja moja juu ya shuka.

Alipofika ya tano alimtazama Paresh.

Paresh alisema neno moja la Kiingereza ambalo sitaliandika hapa.

Asiyejua ajue hivi: njia ile huingii bila kibali, kibali kina jina lako na nambari ya pasipoti yako, na getini wanataka kuiona pasipoti yenyewe, si picha yake. Kibali ni cha siku ile tu. Ukikosa siku, umekosa. Na huruhusiwi kuanza ukichelewa, kwa sababu lazima ufike kambini kabla ya giza. Watu wa geti walifanya kazi yao. Sina ugomvi nao.

Paresh alikimbia na teksi ileile, pasipoti sita mkononi. Barabara ya mwisho ni vumbi na mawe, tena gari moja kwa wakati. Alifika dakika arobaini baada ya saa waliyopewa. Aliniambia aliwakuta wameketi juu ya mashanta yao, kando ya mto. Hansa peke yake alikuwa amesimama. Shanta lilikuwa bado mgongoni.

Niseme na upande wangu, maana hakuna mwingine atakayeusema. Watu wazima saba. Wawili wana digrii mbili mbili. Walinipa kwa mikono yao wenyewe, walinitazama nikitolewa kwenye basi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Na Rosa, ambaye kila hoteli aliniona nikifungua vifungo? Kwa nini kosa la wote liwe langu? Nilikuwa nashindwa kupumua. Mtu asiyepumua hahesabu pasipoti.

Hayo nimeyapanga vizuri tangu Ijumaa. Yako manne. Nitamwambia kwa utaratibu.

Siku mbili baadaye wengine walikwenda kwa treni, wakaona magofu ambako njia ile huishia, wakapiga picha, wakarudi. Hansa alikataa. "Sikuja kupanda treni." Alibaki hotelini na mimi. Aliniletea supu, alinimenyea machungwa, alihakikisha nimemeza dawa kila baada ya saa nane. Siku mbili nzima hakunena nami. Mnaodhani kelele ni adhabu hamjamenyewa chungwa na Hansa.

Na watu wasifikiri mimi hubeba pasipoti za wenzangu kwa kupenda ukubwa. Kuna sababu, nayo ni Hansa mwenyewe.

Tuliondoka Nakuru Februari ya sitini na nane, wakati kila Mhindi mwenye pasipoti ya Kiingereza alikuwa akitafuta kiti cha ndege kabla Uingereza haijatufungia mlango. Tulikuwa wanne: Baba, Mama, mimi wa miaka kumi na tisa na Hansa wa kumi na minne. Baba alishika karatasi zote. Heathrow, mbele ya yule afisa, akatoa pasipoti tatu. Ya nne haikuonekana. Akatafuta koti, akatafuta begi, akatafuta koti tena. Sisi watatu tukapitishwa. Hansa akachukuliwa na mwanamke mwenye funguo kiunoni, akalala huko kizuizini. Asubuhi Mama alipapasa koti la Baba, akaikuta ndani ya bitana. Mfuko ulikuwa umetoboka.

Tangu siku ile nikasema karatasi za nyumba hii nitashika mimi. Nimezishika. Nilianza kwa kupanga misumari katika kiwanda, nikaishia na duka langu la vifaa vya ujenzi Kilburn kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo haikupotea karatasi hata moja. Cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, cha kifo. Hata moja!

Saa tisa kasoro tano. Gari lake hilo.

*

Saa kumi na moja na nusu. Ameondoka. Mvua imekatika.

Alikuja na theplas, zile chapati zetu za viungo, zilizofungwa katika karatasi ya fedha, kwa kuwa mwanamke wa kwetu hafiki kwa kaka yake mikono mitupu hata akiwa amekuja kugombana. Aliketi bila kuvua koti. Watoto wasipokuwepo tunasema kile Kiswahili chetu cha dukani Nakuru, nusu yake ni amri.

Nilianza hoja ya kwanza. Watu wazima saba, nikasema.

"Ngoja, Bhai. Hiyo najua. Hiyo kweli. Mimi pia mjinga, nilikupa. Lakini kichwa kilikuuma siku ngapi?"

"Kidogo."

"Siku ngapi?"

"Nne."

"Siku nne. Ungesema siku ya kwanza, tungekuacha Cusco na chai yako, na kila mtu angechukua chake. Ulinyamaza kwa sababu gani? Balozi haugui?"

Nilikimbilia hadithi ya Heathrow. Nilimwambia anajua kwa nini nabeba, kwamba ni kwa ajili yake, kwa ajili ya usiku ule.

Hapo ndipo alipovua koti. Nilidhani ni dalili nzuri.

"Miaka hamsini na moja unasimulia usiku ule kama wako," akasema. "Harusini unasimulia. Kwa mkwe wangu ulisimulia. Mimi ndiye nililala kwenye benchi. Hata siku moja umeniuliza niliwaza nini?"

Sijawahi kumwuliza. Nilitafuta kichwani, mwaka kwa mwaka, na sikupata.

"Niliwaza hivi. Pasipoti ni yangu, picha ni yangu, jina ni langu, na iko mfukoni mwa mtu mwingine. Ningekuwa nayo mimi, ningepita. Sasa nina miaka sitini na mitano, naenda mwisho wa dunia, nafika getini, na iko wapi?"

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Katika maisha yangu nimekagua hesabu nyingi, nami hujua mara moja nikiona mstari wa juu kabisa umeandikwa vibaya na kila kitu chini yake kimejumlishwa sawasawa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Baba alipoteza moja kwa sababu alishika zote, nami nikajifunza kushika zote vizuri zaidi.

Hoja tatu zilizobaki sikuzitoa.

Nikampa pasipoti. Aliifungua kwanza kuhakikisha ni yake, jambo ambalo ningelifanya mimi.

Kisha akaniambia anarudi Mei. Peke yake, katika kundi la watu kumi na wawili asiowajua. Nilifungua mdomo. "Hapana, Bhai. Wewe huendi, mapafu yako tumeyaona. Wewe utanifikisha Heathrow, utashusha shanta, basi."

Alikuwa amebakiza kujaza fomu ya kibali katika simu, na alitaka kuijaza hapohapo, mbele yangu. Nadhani kwa makusudi. Akavaa miwani, akaiweka pasipoti juu ya goti, akaanza kugonga nambari kwa kidole kimoja.

Nambari ile naijua kwa moyo. Naijua ya kila mmoja wao. Nilikuwa nimeketi kando yake na niliona: tarakimu ya sita na ya saba alizibadilisha nafasi.

Nambari moja ikipishana, getini anarudishwa tena.

Ulimi ulikuwa tayari. Nilishika magoti yangu. Nilijiambia akikaribia kubonyeza kutuma nitasema, potelea mbali, nitasema. Nilihesabu moja, mbili, tatu. Kidole chake kikaenda kwenye kitufe, kikasimama. Akarudi juu, akaanza kulinganisha, tarakimu moja moja, akinong'ona kwa Kigujarati kama alivyofundishwa hesabu shuleni. Alipofika ya sita akasema "Arre," akafuta, akaandika upya. Akalinganisha tena tangu mwanzo. Akatuma.

"Umeona?" akaniuliza, bila kunitazama.

"Nimeona."

"Na umenyamaza."

"Ndiyo."

"Haya. Kula theplas, zinapoa." Akaondoka na pasipoti yake katika mkoba wake mwenyewe.

Zimebaki saba mezani. Sita nitazipeleka kesho kwa basi, kwa Nisha tatu na mbili, hapana, nne kwa Nisha na mbili kwa mapacha. Mkono umechoka, ndiyo maana nakosea.

Neno samahani sikulisema leo. Nilidhani kunyamaza pale kwenye fomu kumetosha, na yeye huenda amekubali iwe hivyo. Lakini kunyamaza ndiko kulikoharibu safari yake tangu mwanzo. Hansa hutoka kwenda kilimani saa moja na nusu asubuhi. Nitampigia saa moja kamili, na safari hii sitakuwa wa kwanza kuweka simu chini.