Sauti Iliyochezwa Darasani

Kwako dada Delphia,

Pokea salamu zangu, wewe na wanao, Jolene na Wes. Jino la Wes limeota? Mimi mwili mzima, ila usingizi umenikimbia. Barua hii nimeituma kazini kwako, huko unakotunza wazee, isije ikafika nyumbani. Isome ukiwa peke yako. Ningekupigia, lakini simu ya nyumbani anapokea baba, na mimi unanijua, nikishika simu mdomo unakauka.

Chuo cha uaskari kinaendelea. Nilidhani mtu aliyeacha shule kama mimi atachekwa, lakini mgodi ulipofungwa kila mtu huku anatafuta uaskari au kazi ya gereza, kwa hiyo darasani tumo wa kila namna. Kuna mmoja anaitwa Tackett, alikuwa anaendesha lori la makaa, mdomo wake haujui kupumzika. Mimi ananiita Mchungaji, kwa sababu sisemi, nainamisha kichwa kama anayeomba. Juzi tulifanya zoezi la kusimamisha gari, yeye akajifanya mlevi, mimi ndiye askari. Nikasimama dirishani, maneno hayaji. Akaniambia, "Mchungaji, unanikamata au unaniombea?" Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka.

Mwalimu wetu ni Bwana Stidham, alikuwa askari wa sherifu, yule mkuu wa polisi wa wilaya, mpaka akastaafu. Alimjibu Tackett kwamba yeye Tackett ataandika ripoti ya aliyoyasema mwenyewe, mimi nitaandika niliyoyasikia, na yangu ndiyo itakayofaa. Nilifurahi siku nzima kwa neno lile.

Wiki iliyopita akaleta kanda ya simu ya dharura. Ndivyo anavyofundisha: kanda za zamani, majina yamefutwa, tunasikiliza mara tatu. Mara ya kwanza unamsikiliza anayesema. Ya pili unaisikiliza nyumba. Ya tatu unamsikiliza asiyesema. Alituambia kesi hii ilifungwa kama ajali, lakini yeye mpaka leo haijamtoka kichwani.

Mwanamume anapiga simu, analia. Mkewe ameanguka kwenye ngazi za chumba cha chini. Mwanamke anayepokea simu kituoni anamwambia ashuke aone kama anapumua. Anajibu yuko juu jikoni, miguu imegoma, amemwona tokea mlangoni, ameshakufa.

Dada, neno la kwanza tu nilimjua. Ni baba.

Sikuinuka. Nilishika kalamu nikatazama meza. Kanda ikarudishwa, tukaisikiliza nyumba. Kuna chuma kinagonga bati, mara moja, halafu maji yanaanza kumwagika. Tackett akasema, "Masikini, anamchotea mkewe maji." Wenzake wakaitikia.

Unaikumbuka mashine yetu ya kufulia? Kishikio cha kuwashia kilivunjika, baba akabana koleo la fundi pale, ukitaka kuiwasha unavuta koleo, ukiliachia linagonga bati. Tulikuwa tunagombania kulivuta, mama anatufukuza. Ile mashine ilikuwa chini, Delphia. Miguuni pa ngazi, pale pale mama alipolala. Baba hakuwa jikoni. Alikuwa amesimama pembeni ya mama, simu ile isiyo na waya sikioni, anafua.

Sisi jioni ile tulikuwa kwa bibi, tunakula maharage na mkate wa mahindi. Alipokuja kutuambia alitukumbatia, na shati lake lilikuwa na majimaji mabegani. Wewe uliniambia ni machozi ya watu waliomkumbatia. Nimeishi na hilo miaka yote, nikimwonea huruma, kumbe shati lilikuwa limetoka kwenye mashine.

Tangu kanda ile nafua kwenye beseni. Jirani wa juu akifungua bomba, nageuka nyuma. Nikilala nasikia koleo, naamka, nakaa kitandani nikingoja maji.

Jana nilibaki darasa lilipoisha, nikamwambia Bwana Stidham. Yalitoka yote, sikujua nina maneno mengi hivyo. Akakaa chini kwenye kiti cha mwanafunzi. Akaniuliza taratibu, "Hiyo mashine iko wapi sasa, mwanangu?" Nikamwambia ipo pale pale chini, imefunikwa turubai, koleo halijatolewa. Akaenda yeye mwenyewe kwa sherifu. Askari watakuja hapo mnapoishi na baba Jumatatu. Alinionya nisimwambie mtu, na wewe alikutaja kwa jina. Nimemwitikia, halafu nimekaa kukuandikia, kwa sababu watoto wanalala chumba kinachopakana na cha baba.

Kuna jambo moja nilishindwa kumwambia. Mara ya tatu, maji yalipokuwa yanaingia, mtu alikohoa. Si baba, baba alikuwa anaongea. Ni kikohozi kidogo sana, wenzangu hawakukisikia. Mimi nilikisikia. Mama alikuwa hai.

Najua ulimrudia baba ukamtunza, na watoto wamemzoea. Ukimwonyesha barua hii sina la kufanya. Lakini Jumapili ibada ikiisha nitakuwa nje ya kanisa na gari la Tackett, amenipa bila kuniuliza neno. Tokeni kwa mlango wa pembeni, baba akiwa bado anasalimiana na watu. Msirudi nyumbani hata kuchukua nguo.

Nisalimie wazee wa hapo kazini, hasa yule anayekuita binti yake. Watoto nao wape salamu za mjomba, ila usiwaambie wanakwenda wapi.

Ni mimi mdogo wako,
Orrin