Rambirambi Kutoka Sirkeci

Moharram Bey, Aleksandria
Jumapili, alasiri

Dada yangu mpenzi Insaf,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji Bahgat na wanao wote. Natumai joto la Aswan halijawachosha sana na mguu wa shemeji umepona. Huku tu wazima wa mwili. Presha ya Mama imetulia, na juzi alipika mboga ya mulukhiya akakutaja, akasema hajaona mtu anayeikatakata laini kama wewe. Hayo ndiyo mema. Yaliyobaki ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Uliponiuliza kwenye simu kwa nini Baba hasemi nami, nilikwambia mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri, dada. Ulimi ndio ulionikatikia. Nimeona heri nikuandikie, maana karatasi haitanitazama usoni.

Wajua kwamba mwezi uliopita kampuni ilinituma Istanbul kwenye maonyesho ya vitambaa. Baba aliposikia, alikwenda kabatini akatoa ile kamera yake ya macho mawili, iliyowapiga picha nusu ya maharusi wa mtaa huu. Ilikuwa imekwama, ukibonyeza hailii. Hapa kwetu fundi wa mwisho aliyeziweza sasa anauza vifuniko vya simu. Baba akaniambia, "Ukifika, usiulize duka la kamera, watakupeleka kwa wauza vipya. Nenda Sirkeci, uliza jumba la mafundi wa kamera. Mle bado wamo watu." Akaifunga kwenye mkoba wake wa ngozi, akahangaika na kifungo mpaka Mama akamsaidia.

Maonyesho yalipomalizika nilianza kuzunguka nayo. Kwenye duka moja la vioo vitupu, muuzaji aliigeuzageuza akacheka, "Hii ipeleke makumbusho, kaka, mimi nina zinazojipiga zenyewe." Katika duka la pili waliniuliza kama naiuza iwe pambo la mkahawa. Pale Sirkeci penyewe nilipanda na kushuka barabara ileile, hadi mama mmoja muuza simiti, ile mikate ya duara yenye ufuta, akachoka kuniona, akanionyesha kwa mkono mlango mwembamba niliokuwa nimeupita kila mara. Ndani, dada, ungedhani ni sanduku la vifaa vya Baba limekuwa jumba: vijiduka vimebanana, lenzi zimepangwa mpaka darini, na mafundi wanapigiana kelele kutoka mlango hadi mlango kwa ajili ya skrubu moja.

Nikaelekezwa kwa fundi aitwaye Cemil, mtu wa Antakya, kule mpakani na Syria, kwa hiyo tukaelewana kwa Kiarabu, chake cha kimilima na changu cha pwani. Aliifungua kamera, akaipuliza, akainusa. Alisema kazi yake ni ya wiki tatu, na wanaosubiri ni wengi. Nikamwambia narudi kwetu baada ya siku tatu. Wala hakuinua kichwa. Akaendelea kuitazama kamera, kisha akauliza, "Mwenyewe yuko wapi? Mtu aliyeitunza hivi haiachi ikwame. Imemkosea nini?"

Nikajibu, "Amefariki."

Insaf, neno lilinitoka kama kohozi. Fundi Cemil aliweka bisibisi chini, akaita kwa sauti, "Nevin! Njoo! Huyu ni yatima, ameleta kamera ya babake!" Wakaja Bibi Nevin muuza lenzi, na jirani zake, wote wakasimama pale penye upenyo wa kusimama mtu mmoja, wakainua mikono wakamsomea Baba Fatiha. Nami niliinua yangu. Nikaitikia amina.

Kamera yetu ikawekwa mbele ya zote. Kesho yake nilipopita kuangalia, nilikuta Bibi Nevin amepika halua ya semolina, anaigawa mlango kwa mlango kwa ajili ya roho ya Baba. Akanijazia kisahani, akanisimamia. "Kula, mwanangu. Umekonda kwa huzuni." Nilikonda lini mimi? Nikala, nikamaliza, akaniongeza.

Siku ya kuichukua, Fundi Cemil alinikabidhi kamera imeng'aa, akakataa malipo, akasema hachukui kitu cha marehemu. Halafu akaniambia kwamba ameona jina la studio na namba ya simu ya nyumbani zimepigwa muhuri ndani ya mkoba, akaona si vyema kukaa kimya. "Nimewapigia nyumbani kuwapa pole. Nimezungumza na ami yako."

Nikauliza, "Ami yangu?"

"Ndugu wa marehemu, alisema. Mama yako alikuwa amelala. Mtu wa adabu sana yule. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatushukuru kwa Fatiha, akatuombea dua wote. Kisha akaniuliza kama ulilia."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hukulia. Lakini nikamtuliza, nikasema wengine machozi yao huteremka ndani."

Sina haja ya kukukumbusha, dada, kwamba Baba ni mwana wa kiume pekee kwa mama yake. Hatuna ami. Alipokea rambirambi za kifo chake kwa mkono wake mwenyewe, akajigeuza ndugu wa maiti, ili mimi nisiumbuke mbele ya wageni.

Nilirudi nyumbani. Alinifungulia mlango Baba mwenyewe. Aliitoa kamera mkobani, akaizungusha kwa tabu, akaibonyeza karibu na sikio, akasikiliza mlio wake. Akasema, "Imepona. Marehemu anashukuru." Tangu hapo hakunisemesha tena. Mama hajui lolote, anadhani tumegombana juu ya uchumba wangu.

Sasa nikwambie lililo baya zaidi, maana hadi hapa waweza kudhani nilidanganya ili kazi iharakishwe. Nami nilijidanganya hivyo safari nzima ya ndege. Si kweli. Nilipoulizwa imemkosea nini, jibu lilikuwa jepesi: baba yangu ni mgonjwa, mikono yake inatetemeka, hawezi tena kushika kamera. Niliona haya kulitamka. Niliona haya vilevile usiku ule tulipowakaribisha wakwe zangu watarajiwa, nikamkalisha Baba pembeni penye giza ili wasione kijiko kinavyomgonga meno, na Mama nikamwambia pale pana upepo mzuri. Na pale Sirkeci, neno lile liliponitoka, sikuumia, Insaf. Nilijisikia mwepesi. Kwa kitambo nilikuwa mtoto wa mpiga picha hodari aliyekufa na heshima zake, si mtoto wa mzee anayemwaga supu. Hilo ndilo lisilonipa usingizi. Nadhani Baba alilisikia lote katika ile simu, kutoka kwa mgeni, alipoambiwa kwamba sikulia.

Jana nilikaa mbele yake, nikapiga Istanbul kwa simu ya mezani, nikamwambia Fundi Cemil ukweli wote, Baba akisikia. Kisha fundi akaniuliza, "Yaani tumekula halua ya mtu aliye hai?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mpe simu mwenyewe. Wewe sina la kukwambia."

Baba aliipokea. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Fundi, hiyo halua yangu sukari ilitosha?" Wakacheka wawili mpaka Baba akakohoa. Mkono ulikuwa unamtetemeka, simu ikimgonga sikioni. Nikanyoosha wangu nikaishikilia. Nilidhani ataukwepa, lakini aliuacha. Wakazungumza juu ya lenzi na maharusi, muda mrefu, mpaka bega langu likafa ganzi, na hakunitazama hata mara moja. Walipoagana aliniambia, "Kata." Ndilo neno pekee alilonipa hadi leo.

Sikuombi unitetee. Ukipata nafasi, njoo ukae naye kidogo.

Mama anakusalimu na anauliza kama zile bamia kavu zilifika. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Baba naye, kwa kumtuma Mama, amesema nikusalimu sana, na nikuandikie kwamba yu hai.

Ndugu yako mwenye haya,
Rauf