Cha Juu cha Kaka Elibariki

Buguruni, Dar es Salaam

Kaka Elibariki,

Sasa hivi Glory amechukua kipande cha RAM ya kompyuta kilichobaki mezani, kile chenye meno ya rangi ya dhahabu, amekifanya kitana, anamchana nacho mdoli wake. Nimemnyang'anya, amenuna, amenigeuzia mgongo kama mama mkwe. Huyu ndiye mtoto unayesema anateseka.

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, sio kwa sababu leo nina hamu ya kukuamkia. Mama anaendeleaje na goti lake? Wifi ameshajifungua, au bado mnasubiri? Sisi huku ni wazima. Baba Glory yuko safarini, ni utingo kwenye lori lililopakia bandarini kwenda Lubumbashi, na akirudi nitamweleza yote haya mwenyewe, usihangaike kumpigia.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu unakata. Bahasha nimeiandika jina lako peke yako ili Mama asisomewe. Ukimaliza kusoma utaelewa kwamba hapo nimekustahi.

Juzi Mama amenipigia analia. Anasema umemwambia nimechezea pesa zake, nimenunua mdoli wa kuwaka taa, kompyuta ya gemu, na haina hata uhai. Anasema umeshajipanga kuja Bongo kumchukua Glory, akalelewe huko Moshi kwenye maziwa na ndizi, mimi nitafute kazi ya kusimama dukani. Sikumjibu vizuri. Nilimwambia asubiri. Sasa wewe sikiliza.

Ile kompyuta tuliipanga wote, na wewe ulikuwepo kwenye simu. Nilisema nataka mashine moja ya kazi mbili. Mchana vijana wa hapa uani wacheze mpira wa kompyuta, walipe kidogo kidogo. Vijana wakiondoka, mimi nihariri video za harusi, Glory akiwa hapa hapa mgongoni au chini ya meza. Ndiyo maana yake yote. Nikipata mashine nakaa na mwanangu. Nikikosa, naenda kuuza duka la mtu Kariakoo na mwanangu analelewa na wengine. Ulijua hivyo. Mama alijua hivyo, ndiyo maana akauza ndama wake.

Na sikukurupuka. Hela ilikuwa ndogo, kwa hiyo nilichagua kama mtu anayechagua dagaa, moja moja. Prosesa nilitaka ya mtumba, ya toleo la nyuma lakini yenye nguvu, kwa sababu video inataka prosesa. RAM nilitaka mbili ndogo zifanye kazi pamoja, sio moja kubwa. Diski iwe ile ya kasi, maana harusi moja ina picha za siku nzima. Kadi ya gemu ya wastani tu, vijana wetu hawana makuu. Kasha la nje lolote, hata lililobonyea. Wewe ndiye uliyesema, "Manka, usihangaike na mawinga, watakuliza. Nenda kwa Aloyce, nimesoma naye, ni mtu wa kwetu."

Nikaenda kwa Aloyce, dukani kwake Kariakoo.

Kaka, yule mtu alinipokea kama nimetoka kanisani. Kiti, soda, "Mdogo wangu, Mama hajambo? Kihamba chenu si kile cha chini ya kanisa?" Kutajiwa shamba letu la ukoo, nikajisikia niko nyumbani. Akasema kasha lililobonyea ni aibu, akaniwekea lenye taa za rangi. Akasema pawa sapulai, kile kiboksi kinachopokea umeme na kuugawia mashine, asinisumbue nichague, atanipa nzuri. Akanipa mkononi niipime. Nzito kama tofali. "Unaona? Nzito ndiyo nzima."

Unajua taratibu za kule. Kitu cha umeme kinawashwa juu ya kaunta, unakiona kinafanya kazi, ndipo unatoa hela, kwa sababu ukishavuka mlango ndio basi. Duka la jirani walikuwa wanawasha hata waya wa kuchajia simu. Na mimi nikafungua mdomo, nikasema naomba tuiwashe kwanza. Aloyce akacheka, akaniangalia kwa huruma.

"Mdogo wangu. Sisi kwa sisi tunajaribiana? Elibariki akisikia atasemaje?"

Nikaona haya. Ningekuwa kwa mtu baki ningekaa pale mpaka jioni. Kwa mtu wa kwetu nikashindwa, nikahisi namwita mwizi mbele ya wateja wake. Nikalipa.

Nje kulikuwa na winga mmoja, Masudi, kijana mwembamba wa hizi kazi za kumkamata mteja barabarani na kumpeleka dukani kwa mwenye mali. Alikuwa ananifuata tangu asubuhi. Akaniuliza, "Dada, umeijaribu?" Aloyce akamfukuza kama mbwa, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia aniache na watu wangu.

Mashine ikawaka vizuri, taa zote, Glory akapiga makofi. Vijana wakacheza. Kisha nikaanza harusi ya binti wa Bi Mwanaidi, mama mwenye nyumba wetu, aliyesema kazi ikipendeza atanipeleka kwa ndugu zake wa Mchafukoge ambao wana harusi mbili mbele yao. Nikaunganisha nyimbo, nikabana vipande, nikaiambia mashine itoe filamu nzima. Pale ndipo inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Haikufika mbali. Ikazima, ikatoa moshi. Bi Mwanaidi akasimama mlangoni, kashika pua.

"Mama Glory, harusi ya mwanangu ndiyo hiyo inanuka hivyo?"

Picha zilikuwa salama kwenye kadi ya kamera, lakini uso wangu haukuwa salama.

Fundi wa hapa mtaani alifungua kile kiboksi. Ndani nyaya nyembamba kama uzi wa kushonea, na kipande cha chuma kimebandikwa kwa gundi. Chuma kitupu, Kaka, cha kuongeza uzito. Ndiyo tofali langu.

Nikambeba Glory mgongoni, kile kiboksi na chuma chake nikavitia kwenye mfuko, nikarudi Kariakoo. Aloyce hakuniita mdogo wake tena. "Risiti imeandikwaje, dada? Mali ikishauzwa hairudi."

"Si ulisema sisi kwa sisi?"

"Hapa ni dukani, sio kihambani."

Nikamuuliza kama haoni aibu, kaka yangu amenituma kwake kwa heshima. Hapo akapandwa na hasira, akasema mbele ya watu wote, "Kaka yako? Kamuulize yeye kwa nini nilikuwekea kitu cha bei hiyo. Cha juu chake nilimtumia siku ile ile, hujafika hata Buguruni. Yeye ale, na mimi nile, wewe ulitaka kibaki nini?"

Cha juu. Yaani ile nyongeza anayochukua aliyemleta mteja. Wewe ndiye ulikuwa winga wangu, Kaka. Umekaa Moshi, umemleta mdogo wako kwa simu, umekula.

Glory akaanza kulia mgongoni. Lakini sikuondoka. Nilikiweka kile chuma juu ya kioo cha kaunta yake, nikakaa chini mlangoni, nikamtoa Glory mgongoni nikamnyonyesha. Kila mteja aliyeingia nilimwambia kwa upole, "Jaribu kabla hujalipa, mimi yangu ilikuwa na chuma." Aloyce akasema ataita mgambo. Nikamwambia awaite, na wao nitawaonyesha. Wateja wakaanza kuishia mlangoni. Masudi akaja kusimama ng'ambo, anacheka mpaka anashika mbavu. Baadaye Aloyce akanirushia hela ya kile kiboksi, akasema nimtolee nuksi mlangoni kwake. Nikaziokota. Sina kiburi cha kuacha hela ya Mama chini.

Nikamwendea Masudi, nikamwomba msamaha. Akanisanifu kwanza: "Kumbe leo na sisi tusio wa kwenu tuna faida?" Nikamwambia aseme anavyotaka, ila anipeleke kwenye pawa sapulai ya kweli. Kabla hatujaondoka akasema, "Dada, cha juu changu ni hiki hapa, nakwambia usoni. Hutaki, tafuta mwingine." Nikakubali. Akanipeleka kwa mzee anayeuza vifaa vya mtumba vilivyotoka kwenye kompyuta za ofisi. Kiboksi kibaya, kina vumbi, kina mikwaruzo. Kikawashwa juu ya kaunta, kikabebeshwa mzigo, tukakaa pale mpaka soda ikaisha na Glory akalala. Ndipo nikalipa.

Kwa hiyo mwizi wa Kariakoo uliyeniambia nimwogope aliniambia fungu lake machoni. Wewe ulinyamaza. Halafu uliposikia mashine imeungua, ukaenda kwa Mama kusema mimi ndiye nimechezea pesa. Hilo la pili ndilo lililoniuma zaidi. Hela ningeweza kusema shetani amekupitia. Lakini kumtumia mwanangu kufunika ulichokula, hapana.

Sikudai unirudishie. Nataka uende jikoni kwa Mama, ukae kwenye kigoda, umwambie kwa mdomo wako fungu la ndama wake lilikokwenda. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na mimi sitachagua maneno. Na habari ya kuja kumchukua Glory uifute kabisa. Mtoto wangu ana mama, na mama yake sasa ana kazi.

Maana ile filamu imetoka, Kaka. Imetoka nzima, mashine haikutetereka. Kasha bado lina taa zake za kijinga, nimezima zote. Bi Mwanaidi ametandika mkeka uani, amealika ndugu zake wa Mchafukoge waje waangalie baada ya alasiri, na tangu aniambie hivyo roho yangu iko juu juu.

Nisalimie wifi, mwambie nguo za Glory za uchanga nimemwekea. Msalimie Babu, mwambie dawa ya macho nitaituma na basi. Mama mpe shikamoo yangu mara mbili, moja yangu na moja ya mjukuu wake, ambaye sasa ameanza kuisema, inatoka "kamoo".

Bi Mwanaidi ananiita. "Mama Glory, leta hiyo mashine, wageni wameshakaa." Ngoja nimalizie hili moja. Ukipanda basi kuja huku kwa ajili ya mtoto, Kaka, ujue mlangoni utanikuta mimi nimesimama, na sitakuamkia, nitakuambia tu kwamba Glory haendi popote.

Manka