Viboko vya Tluway kule Oldeani

Jumapili, Julai 1982. Ukungu tangu alfajiri, baridi ya kung'oa meno. Langu moja limeng'oka kweli, ila si kwa baridi.

Naandika nimelala kifudifudi. Kukaa siwezi.

Jana tulikutana Oldeani sisi watatu tuliochuma kahawa ya Wajerumani tukiwa vijana: mimi Safari, Lohay wa Buger na Tluway wa Kansay. Tulizunguka kale kamji kao ka zamani. Makaburi yao yameota nyasi. Niliyasalimia, maana siku hizi hawajibu kwa kofi. Kisha tukaketi kwenye baraza ya stoo, tukapokezana kibuyu cha pombe.

Kwenye baraza hiyohiyo ndipo Tluway alipolazwa akachapwa viboko ishirini na tano. Siku ile kipande cha reli kilichogongwa kutuamsha kwenda kazini kilikuwa kimepotea, tukalala mpaka jua likapanda. Mjerumani mwenye shamba akaona tope kwenye miguu ya Tluway, akasema mwizi ni huyu.

Mimi nilikuwa mstarini. Nilivihesabu vyote, sikufungua mdomo.

Jana niliufungua. Nikasema ile reli niliitumbukiza mimi chooni, nikacheka. Nilidhani watacheka na wao, miaka arobaini na kitu imepita.

Tluway alinipiga ngumi ya mdomo. Jino likadondokea kwenye kibuyu. Nikampa teke la tumbo, tukabiringishana sakafuni, watu wenye wajukuu, akanikaba koo mpaka nikaona ukungu mwingine ndani ya macho. Lohay akatutenganisha. Nikajua nimeokoka.

"Safari, sheria ya kambini unaijua," akaniambia. "Aliyemchapisha mwenzake hulala yeye, avipate vilevile."

Sheria hiyo tuliitunga wenyewe vibarua, na mimi ndiye niliyeishangilia kuliko wote. Nikalala.

Tluway akakata tawi la mbuni, akalipukutisha majani. Cha kwanza nilimtania, nikamwambia Mjerumani alikuwa na mkono mzito zaidi. Cha pili sikutania. Cha tano damu ikapenya suruali. Cha nane nikasikia mtu analia, nikashangaa kwamba si mimi. Tawi likaanguka.

"Maliza, bwana," nikamwambia. "Nikifa niwe nimesamehewa."

Akapangusa kamasi. "Vimebaki kumi na saba. Ufe navyo? Thubutu. Utavifuata Kansay mahindi yakishavunwa. Na ukifa kabla, mzee mwenzangu, nitakufukua."

Akanyanyua kibuyu chenye jino langu, akanywa, akanipa na mimi.

Mke wangu amenikanda kwa maji ya chumvi. Nimemwambia nilianguka na baiskeli. Ameangalia suruali, akazidisha chumvi.

Mahindi yamekauka, wiki chache tu hizi. Sandukuni nina suruali tatu, na kwa ninavyojijua ningezivaa zote kwenda Kansay.

Nitavaa moja.