Chukua Lile Jeupe Lisilo na Turbo

Baba Zuhura, mume wangu,

Assalaam alaykum. Kwanza niwie radhi kwa kukawia. Swali lako uliliweka kwenye kundi la wapenda magari kabla ya Ramadhani, na leo nakujibu tumeshamaliza hata sita za Shawwal. Kila siku nilisema nitaandika mtoto akilala, na kila siku mtoto alipolala nililala naye, unga haujanitoka mikononi. Lakini si uchovu peke yake. Nilijua nikianza kuandika nitayasema yote, na yote hayo nilikuwa bado sijapata ubavu wa kuyasema.

Naandika humuhumu kundini kwa sababu uliuliza mbele ya watu. Ulibandika picha mbili za magari ya injini ya rotari, jekundu lenye turbo na jeupe lisilo nayo, yote yamesimama kwenye yadi hiyo ya Japani unakofanya kazi ya kufungua magari chakavu. Ukaandika: "Wakuu, hili litakuwa gari langu la kwanza la rotari. Turbo au bila turbo?" Watu wakamiminika. Mmoja akasema rotari bila turbo ni biriani bila nyama. Mwingine akasema jeupe hilo ni la kumpeleka mke kliniki. Ukacheka, ukaandika, "Mama Zuhura ndiye mwamuzi." Hapo ndipo yule mwenye picha ya simba akauliza, "Mwanamke anajua nini kuhusu rotari?" Wakacheka wote. Hilo hukulijibu, Baba Zuhura. Nilingoja siku tatu, nikaona unajadiliana na mtu mwingine habari za rimu. Basi nalijibu mimi.

Najua kwa sababu nilikuwepo.

Unakumbuka Fahim alipolileta gari lake pale gereji ya Kerege? Kijana wa duka la vitambaa Bagamoyo mjini, kanzu nyeupe, na gari lililonguruma kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mimi nilikuwa muuza chai na sambusa pale mlangoni, hata posa hujaleta. Mafundi wote mliinama kwenye boneti kama watu wanaochungulia kisima. "Silinda ziko wapi?" fundi mkuu akauliza. Fahim akajibu, "Hazipo," akaenda zake kuswali.

Aliporudi akakueleza, ukaja kwangu mbio. Ukachukua sambusa kwenye sinia langu, ukaisimamisha ndani ya kopo tupu la maziwa, ukaanza kuizungusha kwa vidole vyenye grisi. "Ona, pembe hizi tatu haziachi ukuta wa kopo. Hapa inavuta hewa na petroli, hapa inakandamiza, hapa inalipua, hapa inatoa moshi. Hakuna pistoni ya kupanda na kushuka, inazunguka tu. Na kwenye kila pembe pana sili nyembamba ya kuziba upenyo. Hizo zikifa, injini imekufa." Nikakuuliza, "Na hiyo sambusa utaila au utaiendesha?" Ukaila, grisi na yote. Nikaona huyu mwanamume akieleza kitu anachokipenda husahau kabisa kujipendekeza kwa mtu. Nikakupenda hapohapo, ingawa nilikwambia baadaye kwamba ni kwa sababu ya dua za mama yako.

Na ile wiki ya oili! Fahim aliliacha gari mlitengeneze breki, akaenda Unguja. Kila mkilijaribu barabarani na kurudi, kijiti cha oili kinaonyesha imepungua. Mkaingia uvunguni, mkatandika maboksi sakafuni mpate kuona tone. Boksi kavu. Mkabadilisha gasketi isiyo na kosa. Fundi mkuu akasema gari hili limefanyiwa kitu. Fahim aliporudi akawakuta watu watatu mmelala chini, akacheka mpaka akashika ukuta. "Inaichoma yenyewe, jamani! Ndivyo ilivyozaliwa. Kila ukijaza petroli, tazama oili, ongeza." Mlikuwa mafundi wa pistoni; ikipungua oili, lazima kuna mahali panavuja. Tangu siku ile mimi nilikuwa nikikuona unapita na kidumu nakuuliza, "Umeshalinywesha?" Nawe unaitikia, "Limeshakunywa, bibie."

Sasa nitasema lile ambalo mimi na wewe hatujawahi kulisema tukalimaliza.

Tulikuwa tumeoana, mimba ina miezi saba. Fahim akakukabidhi ufunguo baada ya matengenezo, akasema, "Lijaribu, fundi. Mchukue na shemeji akapunge upepo." Tulitoka Kerege baada ya adhuhuri, jua la Januari. Ulipokanyaga na turbo ikaingia, mgongo wangu ulibanwa kwenye kiti kama nimesukumwa na mkono wa mtu. Sitaki kusema uongo mbele ya kundi: ilikuwa tamu. Nilicheka mpaka mtoto akageuka tumboni. Kwa hiyo msinieleze utamu wa turbo, naujua.

Kisha nikauona mshale wa joto. Nikakwambia, "Wewe, mshale unapanda." Ukasema, "Geji hiyo inadanganya." Nikasema, "Simama basi." Ukasema, "Tukifika mjini." Ulitaka mafundi wa stendi wakuone ukilipitisha. Tukapita Zinga, nikakwambia tena simama, nikakushika na mkono. Ukaniambia, "Mbona unaniogopeshea mwanangu?" Kabla hatujafika mjini injini ikalegea, moshi mweupe ukajaa nyuma yetu, gari likajikokota mpaka kwenye majani. Ulipojaribu kuliwasha, starta ilizunguka kirahisi mno, kama mlango ambao hauna mtu anayeusukuma upande wa pili. Uliuinamia usukani. Mimi nilikaa na tumbo langu.

Fahim alikuja na pikapu na kamba. Alilotamka la kwanza ni, "Shemeji ni mzima? Alhamdulillahi." La pili hakulisema, si siku ile wala baadaye. Najua hilo ndilo lililokuumiza. Angekutukana ungelala usingizi. Siku mbili hukula. Siku ya tatu ukaniambia, "Injini ile nitaijua mpaka ndani ya mifupa yake." Zuhura alipotimiza arobaini, ukaondoka. Watu wanajua ulikwenda kutafuta maisha. Mimi najua ulikwenda kutafuta injini.

Sijakulaumu. Nimekungoja miaka mitatu na nimeingoja vizuri. Lakini kuna jambo hukuwaambia wakuu wako wa kundi, uliniambia mimi peke yangu kwenye simu, kwa sauti ya chini, kana kwamba ukilisema polepole litakuwa dogo. Lile jeupe unaweza kulichukua sasa hivi, mkataba wako unakwisha na unarudi nyumbani. Lile jekundu fedha yake haijatimia, ni mpaka utie sahihi mkataba mpya, ukae mwaka mwingine. Kwa hiyo hao waliokujibu "turbo, kaka, usifikirie mara mbili" hawakujua wanajibu nini. Mimi niliyeulizwa mwisho ndiye niliyeulizwa swali lenyewe.

Nilikwenda kwa Fahim dukani. Nilitaka nisikujibu kwa machozi, nikujibu kwa maneno ya mtu anayejua. Alinikaribisha kahawa, akamtuma mkewe aniletee kashata, nikamwonyesha picha zako mbili. Akaitazama muda mrefu ile nyekundu. "Shemeji," akasema, "hii ni tamu, sitakuficha. Lakini turbo inazidisha joto kwenye injini ambayo tayari ina joto. Ukiinua boneti, mipira midogo imejaa kama utumbo wa mbuzi. Mmoja ukipasuka, kazi ya siku nzima kuutafuta. Foleni ya Tegeta na Bunju saa saba mchana haijali umetoka Japani au wapi." Nikamuuliza, na hili jeupe? "Hili nguvu yake ni ndogo. Lazima ulipandishe mizunguko ndipo likuimbie. Ila ni jepesi, kwenye kona linakaa, na sili zake zinaishi zaidi ukiliheshimu. Gari la kwanza la rotari ni la kujifunzia. Akilizoea, hiyo turbo ataitaka mwenyewe au hataitaka tena." Nikamwambia, "Aliua injini yako, Fahim." Akacheka kidogo, akakunja kitambaa alichokuwa akikipima. "Injini ile ingekufa tu, shemeji. Hata mimi mshale ukipanda sikuwa nasimama."

Nataka ulisome hilo mara mbili. Si turbo iliyoiua injini ile. Mlikuwa hamsimami.

Mama yako naye ana la kusema, kanisimamisha mlangoni nikiandika haya. Nilimfafanulia kwamba turbo ni kitu cha kuipulizia injini pumzi. Akasema, "Mwambie mwanangu mwenyewe ana pumzi za kutosha, anipulizie mimi jiko." Goti lake linamsumbua, haendi tena msikitini kwa miguu, namkodia bajaji Ijumaa. Hakulalamikii wewe. Alichofanya Ramadhani yote ni kukutengea chakula kwenye futari kisha anasema amesahau kwamba hupo.

Na sasa la Zuhura, ambalo ndilo lililonikalisha chini leo.

Juzi nilikuwa nakaanga, simu ikalia. Siku hizi simu ikilia anaikimbilia, maana kwake simu ndiyo wewe. Akaipokea, akasema kwa adabu zake zote, "Shikamoo baba." Alikuwa mzee muuza dagaa anataka kuniuliza kama nahitaji mzigo wa kesho. Mzee wa watu, mtoto kamwamkia, afanyeje? Akaitika kwa upole, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Zuhura akasema, "Sijambo baba." Akamuuliza, "Umekula?" Akasema, "Nimekula muhogo." Wakaagana. Akaniletea simu, uso umemng'aa, akaniambia, "Baba leo kaniuliza nimekula." Akashinda mchana kutwa anaimba.

Sikumwambia. Nilitazama mafuta yanavyounguza sambusa na sikumwambia. Baba Zuhura, wewe ukipiga unamwonyesha magari. Unageuza kamera unasema mwone hili, mwone lile. Mtoto anasema shikamoo, analaza simu kifudifudi, anarudi kwenye mchezo wake. Muuza dagaa alimuuliza kama amekula, na kwa swali hilo moja akawa baba siku nzima. Sikuandikii kukuchoma. Nakuandikia kwa sababu mtoto wako ana nafasi yako, ameiweka wazi, na anaanza kumkalisha yeyote anayeitika marahaba.

Nami pia nimekukumbuka, nisijifiche nyuma ya mtoto. Nakumbuka ulivyokuwa unanawa kwa sabuni ya unga na sukari mpaka mikono inakuwa myekundu, kisha unaninusisha, "Bado?" nami nasema bado, hata harufu ya grisi ikiwa imeshatoka. Siku hizi nikipita mlangoni pa gereji jioni napunguza mwendo. Hakuna wa kuninusisha kitu. Nafika nyumbani miguu imevimba, naosha masinia, naongea na wewe kichwani, najijibu kwa niaba yako. Nimechoka kuongea peke yangu pande zote mbili.

Kwa hiyo mwamuzi anaamua: jeupe. Bila turbo. Sasa, si mwakani. Na wewe mwenye picha ya simba, mwanamke anajua hayo.

Ukifika na ukaona roho yako bado inadai turbo, utaitafuta ukiwa hapa Kerege, mtoto anakushikia spana, nami nakuuliza kama umeshalinywesha. Sitakuzuia. Ila mwaka siwezi kukupa tena, huu sina. Nisamehe kwa kusema wazi, na Mungu akuhifadhi njiani mpaka kwetu.

Vitu ninavyohitaji bado unitumie ni hivi. Sauti ya hilo gari jeupe likiwashwa likiwa la moto, si la baridi. Fahim anasema rotari iliyochoka hujificha asubuhi, huumbuka ikishapata joto. Kipimo cha mkandamizo cha rota zote mbili, zile sambusa zako, kipimwe mbele ya macho yako, usikubali karatasi ya muuzaji. Picha za uvunguni, nione kutu, maana limekaa kwenye nchi ya theluji. Plagi seti mbili, zile za juu na za chini, usizichanganye. Mpira wa rejeta wa akiba na kifuniko chake. Dawa ya kuchua ya goti la mama, ile yenye harufu kali. Viatu vya Zuhura, mguu wake nimeuchora kwenye karatasi na picha nimekutumia. Ongeza upana wa kidole, anakua. Siku ya kupanda ndege, na saa. Na ule mkataba mpya waliokuwekea mezani, nipigie picha ukurasa wa mwisho, pale penye mstari wa sahihi, nione mstari uko mtupu.

Mkeo,
Mama Zuhura
Kerege