Vichujio vya Redio na Sauti kutoka Bambu

Mjukuu wangu Neema,

Redio isiposikia mbali, wengi huongeza waya wa antena, na kelele za karibu huongezeka pia. Sisi huku Bunia tu wazima, ila barabara bado haiaminiki.

Unauliza faida ya vichujio. Ujanani mwangu, baada ya vita, mama alifunga mzigo amfuate kaka yangu Faustin huko Bambu. Habari za Bambu zilikuja kwa fonia, redio ya kuongeleana kati ya miji, lakini kituo cha matangazo cha mjini kiliifunika.

"Weye fundi, ongeza tu waya!" jirani alinitania.

Nikasuka vichujio, koili za waya za kila bendi ya masafa, nikageuza swichi kwenye bendi ya fonia. Kituo kikanyamaza. Pasta wa Bambu akasikika wazi: "Mama Faustin, usikuje. Tulishamuzika."

Kichujio hakichagui habari, mjukuu wangu. Husafisha tu njia yake.

Leo iache antena, usuke koili ya bendi moja.